Nyanya Alisahau Jina Mbele ya Bunduki

"Mama, mara ya mwisho! Bwana yako ni mtoto wa nani?"

Mdomo wa bunduki ulikuwa kifuani pa nyanya yangu, Wachuka. Stesheni ya Nakuru, 1954, saa nne asubuhi. Vita vya Mau Mau vilikuwa vimepamba moto, na Mkikuyu asiye na jibu alipandishwa lori, akapelekwa kizuizini. Karatasi zake za utambulisho zilikuwa mkononi mwa askari, aliyetaka kuhakikisha si za wizi.

Jibu alikuwa nalo jana...

Wasee, alikuwa ametoka hospitali Nairobi, sindano ya nne ya saratani ya shingo. Dawa mpya, kali! Uvimbe ulipungua, lakini majina nayo yakaanza kumtoroka. Alidhani anaingia wazimu. Hakumwambia mtu.

"Mtoto wako anaitwa nani?" askari Kiplangat akabadilisha swali.

"Baba."

"Unanichezea?!"

Hakuwa anacheza. Kwetu mvulana wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba, kwa hivyo mama humwita tu "Baba", kama anavyomwita baba mkwe wake. Jina lenyewe... lilikuwa limefutika!

Nyanya akamgeukia Naliaka, jirani yake wa mtaa wa Bondeni aliyekuja kumpokea.

"Naliaka, waambie!"

Naliaka akamtazama machoni.

"Afande, huyu simjui."

Akaruhusiwa. Akaenda zake bila kugeuka!

Jirani waliyekula naye sufuria moja! Mkojo ukamponyoka nyanya. Wakampandisha lori.

Lori lilipojaa, injini ikawashwa... Naliaka huyo, anakuja mbio na mtoto wa nyanya, wa miaka mitatu, mgongoni!

"Afande, ngoja! Muulize huyu jina!"

"Gathecha," mtoto akasema.

"Kwao mtoto huitwa babu yake. Angalia karatasi za mamake!"

Kiplangat akafungua karatasi. Bwana: Muhoro wa Gathecha.

"Shuka, mama."

Nyanya akalia. "Ulinikana, Naliaka!"

"Ningekubali, wangetushika sisi wote. Nani angemleta mtoto? Na usinifiche tena! Miezi miwili unatia chumvi mara mbili kwa mboga, na mimi nakula nanyamaza."

Jamani, ukiwa kwa matibabu na kichwa kianze kupoteza maneno, sema! Si wazimu, ni dawa. Nyanya nusura apotelee kizuizini kwa kuficha.

Yule mtoto ndiye babangu. Mimi ni binti yake wa kwanza, na kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mamake baba.

Naitwa Wachuka. Nyanya hakuwahi kulisahau.