Odi kwenye Shato

Wivine alikuwa ametoka kununua makala, makaa ya kupikia, mtaani Kasungami, jua likizama. Alimwomba Symphorien, dereva wa pikipiki, ampitishe kwenye shato, kama ilivyokuwa desturi yake siku hizi.

"Shato gani, mama? Ya mayi ao ya muzungu?"

Ujumbe wa mwisho wa mdogo wake Léonard, kabla hajapotea, ulisema: "Niko ku shato." Tangu hapo familia nzima ilizunguka tangi la maji linaloitwa shato, ikapekua hata mitaro yake. Hakuna aliyekumbuka magofu ya shato nyingine, ya Mbelgiji mmoja wa enzi za ukoloni aliyejijengea ngome yenye minara, kama za wafalme wa kale wa kwao.

"Ya muzungu," alisema. Hakulia. Machozi yalikwisha zamani, moyo ulikuwa umekufa ganzi.

Symphorien alisimama mbali, kwenye nyasi. Hakuzima injini.

"Mama, usipige odi mule. Ukipiga kwabo, nabo batakuya kupiga kwako."

Wivine alifika pale palipokuwa mlango. Kuta zilisimama bila paa. Harufu ya udongo mbichi... na ya mshumaa uliozimwa sasa hivi. Ndani, juu ya jiwe, kiatu cha Léonard, chenye kamba nyekundu. Kimoja.

Mama yake, Christiane, alimlea vizuri: huingii kwa watu kimya kimya. Ulimi ukatangulia akili.

"Odi..."



Kisha, kutoka chini ya sakafu, taratibu:

"Karibu, yaya."

Ni Léonard peke yake aliyemwita yaya, dada mkubwa.

Aliingia. Alizunguka kila chumba, akaita mpaka sauti ikamkauka. Nyasi tu. Akachukua kiatu, akarudi kwenye pikipiki. Symphorien alikitazama, akaendesha kwa kasi njia nzima.

Nyumbani, Christiane alikuwa akisonga bukari, ugali wa jioni. Sahani ya Léonard ilikuwa mezani kama kila siku.

"Ulimumona?"

"Hapana, mama." Alikificha kiatu nyuma ya gunia la makala, akakaa.

Mlango ulikuwa wazi. Harufu ya mshumaa uliozimwa ndiyo iliyotangulia.

"Odi..."

Sauti ile ile.

Wivine alijua lazima amzibe mama yake mdomo. Alijua vizuri sana. Lakini mikono ilibaki mapajani, kama si yake.

Uso wa Christiane uling'aa kwa furaha.

"Karibu, mutoto yangu! Ingia!"

Hatua zikaingia: moja ya kiatu, moja ya mguu mtupu.