Kiti cha Babu

"Wewe kaka, huo mguu ni wangu!"

Vusi Mtsweni aliruka nyuma. Stesheni ya Hermanstad, Pretoria, ilifurika watu na vikapu vyao vya chakula, na garimoshi la zamani lilitema moshi mpaka watoto wakakohoa. Aliyekanyagwa alikuwa Mologadi, fundi cherehani wa Mamelodi, ndani ya gauni la manjano alilolishona mwenyewe.

"Samahani, mrembo. Nitaubeba huo mguu mpaka Cullinan."

"Ubebe na mwenyewe basi."

Wakakaa pamoja. Njia nzima vicheko, wakapeana namba za simu, na biskuti za Mologadi Vusi alizimaliza zote.

"Mbona una tiketi mbili za kurudi?" Mologadi akauliza. "Mkeo yuko huko?"

"Mke sina. Namfuata babu, alichimba almasi pale. Mama anaumwa, kila usiku anamwota babu akilalamikia baridi. Hataamka kitandani mpaka babu arudi nyumbani. Wajomba wamemfuata mara mbili, wakarudi mikono mitupu."

"Wazee wa mgodini wabishi! Nitamsalimia jioni."

Vusi akazirudisha tiketi mfukoni.

Saa kumi jioni filimbi ya kurudi ikalia Cullinan. Mologadi alipanda mbio, akamkuta Vusi dirishani, kapakata blanketi lililoviringishwa. Pembeni yake alikaa mzee mwembamba, buti zimelowa, kibati cha shaba chenye namba kikining'inia shingoni.

"Vusi! Nimekutafuta mji mzima."

Kimya. Hata jicho hakugeuza. Kisha akafungua mdomo, ila si kwake: "Babu, sasa tunaondoka."

Damu ikamchemka Mologadi. Asubuhi mrembo, jioni mdudu? Mzee akamwinamia, akamnong'oneza, na pumzi yake ilikuwa ya baridi, inanuka udongo mbichi. Nywele zikamsimama, asijue kwa nini. Akahamia behewa jingine, akalia mpaka Pretoria.

Kesho yake Vusi alipiga simu mara sita. Ya saba ikapokelewa.

"Leo umepata ulimi?"

"Mologadi, nisikilize. Babu alifia mgodini kabla sijazaliwa. Nilikwenda kuchukua roho yake. Ndani ya blanketi mlikuwa na tawi la miiba, lile la kurudishia marehemu. Ukilibeba huongei na mtu, unaongea naye tu. Kiti nilimlipia."

Mologadi alilijua tawi hilo. Hata kwao wajomba walikwenda kuchukua marehemu hivyo hivyo.

"Vusi, kile kiti..."

"Kilikuwa kitupu. Nimeongea nacho njia nzima, sikusikia kitu. Mama anauliza kama amekuja kweli, na mimi sina jibu."

Mologadi alikaa chini.

"Mzee aliyekikalia alikuwa na kibati cha shaba. Namba mia sita kumi na nne."

Vusi aliirudia kwa sauti. Upande wa pili wa simu mama yake akapiga kigelegele, na Mologadi akasikia kitanda kikilia, mtu anainuka. Ilikuwa namba ya babu ya kushukia mgodini, na haikujulikana nje ya nyumba ile.

Vusi alikuwa analia. "Alikwambia nini?"

"Nisikununie, umekatazwa kuongea. Sikumwamini." Mologadi akashusha sauti. "Halafu akaniita mkamwana."

Vusi akapenga kamasi.

"Basi babu kanitangulia kuchumbia. Unasemaje, mpenzi?"

Mologadi akacheka.

"Watume wajomba Jumapili. Babu mwache nyumbani."

"Yeye," Vusi akasema, "hatoki tena."