Ingia Bila Hodi

Jua lilikuwa linaaga wakati Msusi alipotoka chumba cha nyuma kwa kunyata, asije akamwamsha mdogo wake.

Mama alikuwa ameshaondoka kwenda zamu yake ya usafi hospitalini. Kifaranga, kitindamimba wao, alilala usingizi wa homa, mdomo wazi, nywele zimelowa jasho. Chini ya kitanda kulikuwa na boksi la zawadi: mpira, wanasesere, penseli za rangi, biskuti. Msusi alimfunika vizuri, akarudishia mlango bila kutia kufuli, akaingiza vikaratasi vyake mfukoni.

Nakwenda na kurudi, alijiambia. Hata chai yangu haitapoa.

Mwenyekiti wa mtaa ndiye aliyelianzisha jambo lenyewe. Shule zilikuwa zimefungwa, na watoto walikuwa wamevunja vioo vya madirisha ya watu mpaka wamechoka wenyewe.

"Wewe Msusi mdomo haulali," alimwambia. "Kichwa kimoja unakisuka kwa hadithi tatu. Hebu watungie hawa watoto msako wa hazina, wazunguke mtaa mzima wakitafuta. Angalau madirisha yetu yapumzike."

Msusi aliguna kama mtu aliyebebeshwa mzigo, lakini moyoni alifurahi mno. Alitunga vidokezo huku vidole vikisuka vichwa vya wateja. Mtoto angeanzia kwenye tanuri bovu la matofali. Kikaratasi cha hapo kingempeleka kwenye mashine ya kusaga, cha mashine kwenye bomba la maji, cha bomba kwenye kibaraza cha fundi cherehani. Na cha fundi kingemleta kwao, mlango wa kijani, kwenye boksi.

Kidokezo hicho cha mwisho ndicho kilichomsumbua. Watu wa mtaa ule walikuwa wagumu sana kwenye suala la hodi. Hata mwenye nyumba, ufunguo mkononi, alisimama kwanza mlangoni kwake akapiga hodi. Kama hamna mtu ndani, alijikaribisha mwenyewe kwa sauti, ndipo akaingia. Msusi alikuwa amekulia humo akidhani ni adabu tu ya wazee. Sasa hebu fikiria watoto wa mtaa mzima wakipiga hodi kwa pamoja kwenye nyumba yenye mgonjwa!

Kwa hiyo aliandika hivi: *Mlango wa kijani, chumba cha nyuma. Usipige hodi, ingia tu. Wa kwanza kufika achague anachokitaka.*

Akaona amemaliza kazi.

Alitega kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Ndivyo inavyotakiwa, maana ukianzia mwanzo, mtoto mjanja atakufuata nyuma akiokota. Kikaratasi cha mwisho akakibandika kwenye nguzo ya kibaraza cha fundi. Kingine akakifunga kwa uzi kwenye bomba. Kingine akakibandika kwa selotepu kwenye mwimo wa mlango wa mashine. Giza lilikuwa linaanza kushuka alipofika tanurini.

Lilikuwa limeachwa tangu yeye hajazaliwa. Matofali yake yalikuwa meusi, na mdomo wake ulikuwa wazi chini kama wa mtu anayetaka kusema jambo. Alilichagua makusudi, watoto watetemeke kidogo kabla ya kufurahi. Akaweka kikaratasi juu ya tofali, akakisoma kwa sauti asikie kama kinapendeza.

"Wewe uliye hapa, safari yako inaanza. Nenda panaponguruma mchana. Kila utakapofika, utaambiwa pa kwenda. Mwishoni utakipata unachokitafuta."

Ndani ya tanuri, mtu alivuta pumzi.

Msusi aliganda.

Upepo huo, alijiambia. Lakini majani ya pembeni yalikuwa yametulia tuli. Na kulikuwa na harufu... ya udongo mbichi unaochomwa.

Hakukimbia. Alitembea tu haraka, shingo ngumu, bila kugeuka.

Kwenye mashine ya kusaga, Babu Mashine alikuwa anafagia unga sakafuni. Kila mtu alimwita hivyo, hata wazee wenzake.

"Hodi, Babu."

"Karibu, mjukuu wangu. Mbona unahema kama uliyefukuzwa na mbwa?"

"Babu, lile tanuri... siku hizi wanalichoma tena?"

Ufagio ulisimama.

"Umefuata nini kule?"

Msusi alijaribu kucheka. Akamweleza habari ya msako, akamwonyesha na kikaratasi kilichobandikwa pale mlangoni. Babu Mashine hakucheka. Alimvuta ndani, akanong'ona.

"Kulikuwa na mama mmoja, mbeba matofali. Siku hiyo mvua ilinyesha, akamlaza mwanawe ndani ya tanuri, pakavu, akarudi kubeba. Wenzake wakaja, wakapanga matofali, wakaziba. Hawakujua, mjukuu wangu. Moto ukawashwa."

"Babu, basi..."

"Alipojua, alijitupa humo humo. Tangu hapo anazunguka, anatafuta mtoto. Nyumba ya kwanza aliyoingia, asubuhi walikuta kitanda kitupu na majivu. Ya pili vilevile. Mpaka wazee wakagundua kitu. Koo lake limeungua, hawezi kupiga hodi. Na mlango uliozoea kupigiwa hodi hawezi kuuvuka kimya. Halafu njia haioni. Anapapasa tu, kama kipofu. Ndiyo maana tunapiga hodi hata kwetu wenyewe, tusiwe na mlango uliozoea kuingiwa kimya."

"Na akionyeshwa njia, Babu?"

Babu Mashine hakuwa anamtazama tena. Alikuwa anatazama mlangoni, nyuma ya mgongo wa Msusi.

Msusi aligeuka.

Kwenye mwimo wa mlango, kikaratasi hakikuwepo. Ilibaki selotepu peke yake, imejikunja, inayeyuka, inadondoka tone... tone...

"Kidokezo chako cha mwisho kinapeleka wapi?" Babu aliuliza.

"Nyumbani. Kifaranga yuko peke yake."

"Kimbia! Usinisubiri!"

Alikimbia.

Bomba lilikuwa wazi, na hapakuwa na mtu. Maji yalikuwa yanatoka na mvuke. Uzi ulikuwepo, umekatika, ncha yake nyeusi. Kikaratasi hakikuwepo.

Akakimbia tena, kandambili moja ikabaki njiani.

Fundi cherehani alikuwa anafunika mashine yake kibarazani.

"Shoga, kulikuwa na kikaratasi hapa nguzoni, kiko wapi?"

"Hata salamu hakuna? Haya. Kakichukua mama mmoja, sasa hivi tu. Kiburi hicho! Nimemsalimia, kanigeuzia mgongo. Gauni limeungua pindo lote, nikamwambia lete nikutilie kiraka, wapi. Kasoma kwa kidole kama mtoto wa chekechea. Nikasema huyu ni mzazi, anamwibia mwanawe majibu."

"Kaelekea wapi?"

Fundi alionyesha kwa mkasi.

Mlango wa kijani ulikuwa wazi.

Msusi alisimama kizingitini. Mdomo wake, kwa mazoea ya miaka yote, ukajisemea wenyewe.

"Hodi..."

Kutoka chumba cha nyuma ikaja sauti ndogo, nzito kwa usingizi.

"Karibu, dada. Tuna mgeni."

Harufu ilimpokea kwanza. Udongo. Moshi. Nywele zinazoungua. Boksi lilikuwa limevutwa katikati ya chumba, na zawadi zote zimepangwa sakafuni kwa mstari, kila moja na alama nyeusi ya kidole. Zote zilikuwa zimeguswa, na hakuna hata moja iliyochukuliwa.

Kitandani alikaa mwanamke, mgongo kwa mlango. Kifaranga alikuwa mapajani mwake.

"Dada," mtoto alinong'ona. "Mikono yake ya moto."

"Tulia, mdogo wangu. Usitikisike."

Mwanamke hakugeuka. Aliinua tu mkono juu ya bega, kikaratasi kikiwa vidoleni. Kidole kimoja, cheusi kama kijinga cha moto kilichozimika, kilikuwa kimewekwa chini ya mstari wa mwisho.

*Wa kwanza kufika achague anachokitaka.*

Alikuwa ameshachagua.

Msusi aliruka, akashika mkono wa mdogo wake, akavuta. Ilikuwa kama kuvuta kitu kilichojengewa ukutani. Shuka la Kifaranga likaanza kugeuka rangi ya kahawia pale lilipokumbatiwa. Mtoto akaanza kulia, kilio chembamba cha mtu asiye na nguvu.

Fikiri. Fikiri, Msusi.

Huyu hasikii ngumi wala machozi. Huyu anafuata karatasi.

Alipiga magoti, akaokota penseli nyekundu, akachana kipande cha boksi. Aliandika haraka hata herufi zikapandana.

*Bado hujafika. Huyu si wako. Msako haujaisha. Wako alilazwa pakavu siku ya mvua. Rudi ulikoanzia.*

Akakinyoosha mbele ya mwanamke, macho kayafumba.

Alisikia kidole kikipita juu ya karatasi, neno kwa neno, shhh... shhh... Kisha kitu kizito, chenye jasho, kikawekwa mikononi mwake taratibu, kama mtu anavyomrudishia jirani mtoto wake baada ya kumpakata. Alikuwa Kifaranga.

Hatua zikapita kando yake. Joto likapita nazo. Mlangoni zikasimama, muda mrefu, mpaka Msusi akafungua macho, na hilo ndilo alilolijutia. Mwanamke alikuwa amegeuza uso kutazama chumbani. Msusi hakuwahi kumweleza mtu aliona nini. Alisema tu kwamba uso ule ulikuwa na furaha.

Halafu mwanamke akatoka.

Babu Mashine alipofika, akihema, akipiga hodi kwa sauti iliyokatika, aliwakuta wote wawili chini ya kitanda.

Msako ulifutwa. Mwenyekiti aliambiwa ni homa, akanuna, akaenda kununua vioo vingine. Kifaranga alipona, ila mabegani amebaki na alama za vidole, na hata mama aliyezoea vidonda vya hospitali alishindwa kuzielewa.

Jioni iliyofuata, kile kipande cha boksi kilipenyezwa chini ya mlango wa kijani. Kingo zake zilikuwa zimeungua. Kimegeuzwa upande usioandikwa.

Msusi alielewa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeandika kwamba msako haujaisha.

Akaandika: bomba la maji. Akakisukuma nje.

Jioni nyingine kikapenyezwa kikaratasi kingine, kitupu. Akaandika: mashine ya kusaga. Kisha uwanja wa mpira. Kisha stoo ya mbao. Mama yake alimcheka. "Huyo kijana wako anayeandikiwa barua kila magharibi, hana simu?" Msusi naye alicheka, maana angefanya nini? Usiku alilala amemkumbatia Kifaranga, kichwani akihesabu mahali palipobaki.

Hapakubaki pengi. Aliporudia mahali pa zamani, kikaratasi kilirudi mapema, cha moto kiasi cha kuunguza sakafu. Kana kwamba mtu ameanza kukasirika. Kana kwamba ameanza kushuku.

Basi jioni moja, hana pengine pa kuandika, aliandika jina la mtaa wa ng'ambo ya barabara kuu.

Kikaratasi hakikurudi.

Wala kesho yake. Wala siku zilizofuata. Kifaranga alirudi kucheza nje. Babu Mashine aliuliza, "Umempeleka wapi?" Msusi akasema, "Mbali." Babu alimtazama sana, akaendelea kufagia.

Kisha akaja mteja mpya, mwanamke mcheshi, mwingi wa vicheko. Akajimwaga kwenye stuli.

"Nyie watu wa huku mna vituko! Nimepita milango yote, hodi, hodi, hodi, hata mtu anaingia kwake! Sisi ng'ambo hatuna hayo. Mtu anaingia tu, anakaa, anakula."

Kitana kilimponyoka Msusi.

"Dada... una mtoto?"

"Ninaye mmoja, wa kike. Mtundu huyo! Siku hizi ana rafiki wa kujitungia, eti mama mwenye mikono ya moto, anakuja jioni kumtazama akilala. Watoto bwana!"

Nje, jua lilikuwa linazama. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umeshasukwa. Mwingine ulikuwa umesimama kama moshi.

"Nenda nyumbani," Msusi alinong'ona.

"Hivi hivi? Nusu kichwa? Watanicheka barabarani."

"Nenda, dada. Kimbia."

Mwanamke alimtazama usoni. Kicheko kikamwishia. Akanyanyuka, akaacha mkoba wake kwenye stuli, akakimbia.

Msusi alikaa mlangoni kumsubiri, mkoba mapajani, mpaka giza likaingia. Mkoba huo anao hadi leo. Yule dada hajarudi kumaliziwa upande uliobaki.