Mfupa wa Saide

Ijumaa tarehe 4 Agosti 1978, saa nne asubuhi, maji yametoka hadi mwambani, Bi Atija mchokoa pweza alirudi Palma mbio kama kijana. Kwenye kanga yake alikuwa amefunga kipande cha mfupa wa paja, kizito, chenye alama za kukatwakatwa upande mmoja.

Kufika saa sita mji mzima ulikwishakata shauri. Huyu ni Saide! Si Saide alikuwa pande la mtu? Si alitoka kuvua na Abacar miaka miwili iliyopita, akarudi Abacar peke yake? Na hizo alama si panga hizo? Basi Abacar akafungiwa stoo ya polisi, na Jumatatu saa mbili lori lingempeleka kambini Niassa, huko ambako watu walikuwa wakienda bila kuambiwa watarudi lini.

Kesi ikamwangukia Feliciano, askari wa upelelezi kutoka Zambézia. Maskini ya Mungu, kozi yake ilikuwa ya wiki sita, na hakuna aliyemfundisha habari za mifupa.

"Kamarada, Saide alishuka Quionga kununua tumbaku," Abacar alimwambia. "Nikamngoja mpaka maji yakajaa. Hakurudi."

"Mligombana?"

"Kila siku! Nani havui na mtu asigombane naye?"

Feliciano akaandika, akafuta. Mwongo huyu, au mkweli aliyechoka? Hakujua.

Saa kumi akaenda kwa Saquina, mke wa Saide. Alimkuta uani akiparua samaki, na kisu kinachana nyama badala ya kukata.

"Pole, dada."

"Nishapoa. Kisu hiki tu kinanitia wazimu leo." Akajifuta uso kwa kiganja. "Mtanipa lini nimzike? Mwalimu wa msikitini kasema nikizika naanza eda."

"Na Abacar?"

Kisu kikasimama. "Abacar kafanya nini?"

"Mfupa una alama za panga."

Saquina akamtazama kana kwamba anasema lugha ya kwao Zambézia. Kisha akarudi kwa samaki wake.

Jumapili Feliciano akaupeleka mfupa zahanati, kwa nesi Laurinda. Nesi akaugonga kwa koleo, ukalia *ngi!* Akachoma sindano motoni hadi ikawa nyekundu, akaigusisha pale. Wakanusa wote wawili.

"Unasikia harufu?"

"Sisikii kitu."

"Mfupa wa mtu ungenuka nywele zilizoungua. Hili jiwe, kamarada. Lilikuwa mfupa wa mnyama, lakini enzi ambazo hata babu wa babu yako hakuwapo."

"Mfupa uliogeuka jiwe?" Feliciano akakaa kwenye kitanda cha wagonjwa. "Sasa nani amekata jiwe kwa panga?"

Kichwa kilimzunguka kuliko mwanzo. Akamfuata Bi Atija kwake.

"Mama, uliukuta chini ya mwani au juu?"

"Juu, mwanangu. Tena mkavu mgongoni."

"Ulikuwa na chaza walioganda?"

"Hata mmoja! Kwani ni mfupa wa baharini ule? Mwani ulikuwa bado umelowa."

Maana yake bahari haikuuleta. Uliwekwa asubuhi ileile, baada ya maji kutoka. Usiku huo akiumenya muhogo wake alipitisha kisu kwenye zile alama, bila kukusudia. Kikateleza vizuri. Akapitisha tena, mara tatu, nne. Kisha akajaribu makali kwa kidole, akajikata.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu alikuwa uani kwa Saquina.

"Dada, kinoo chako kiko wapi?"

Saquina aliangalia mlango wa jikoni, pale kwenye kizingiti, palipobaki shimo la kitu kilichokaa miaka. Akakaa chini.

"Mama yangu alikuja nacho kutoka bara ya Lindi," akasema. "Walikuwa wakikiita mfupa wa zimwi. Nimenolea toka utotoni, zile alama wala sizioni tena. Nilikiweka mwambani nikidhani mtasema papa kamla Saide, basi! Nimeachwa sina talaka, sina maiti. Mwalimu anasema ningoje. Ningoje mpaka lini? Kuna mtu wa Diaca ananitaka, naye hangoji."

"Siku tatu umejua Abacar amefungwa."

"Niliogopa." Akalia kwa sauti. "Kila asubuhi najiambia leo nitakwenda kusema. Niliogopa, kamarada."

Saa moja na dakika hamsini Abacar alitolewa, dereva wa lori keshawasha. Alipita mbele ya Saquina asimsalimu, akaenda zake nyumbani.

Ikabaki karatasi ya maelezo. Feliciano akajaza jina, mwaka wa kuzaliwa, mahali. Akafika kwenye estado civil, pale pa kuandika hali ya ndoa, kalamu ikasimama.

"Niandike nini hapa, dada? Umeolewa, au mjane?"

Saquina alikuwa akiangalia kinoo chake mezani.

"Andika unavyotaka," akasema. "Wewe ndiye uliyemfufua mume wangu."