Mafundo Mawili Chini ya Kanisa la Mawe

Haya yalimpata rafiki yangu Zéphyrin, mwimbaji wa kwaya yetu ya kijijini Kibabi. Ninayaeleza kama alivyonieleza.

Lakini nianze na yangu mimi: mke wangu, Joséphine-Marie, alifariki nikiwa machimboni Omate, mbali na nyumbani. Nilifika siku ya tatu baada ya maziko. Jikoni nilikuta bugali wangu, ugali wa muhogo, ndani ya jani la mgomba lililofungwa kwa kamba, mafundo mawili. Ndivyo alivyofunga fungu langu, ili watoto wasiliguse. Ulikuwa umeoza. Sikuula, niliuzika. Mungu anisamehe, hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Kwaya ilipoalikwa Ubelgiji, mimi nilibaki, nikamwomba Zéphyrin amwashie mke wangu mshumaa katika kanisa la kale.

"Kaka, kule makanisa iko kubwa kama milima," akacheka. "Nitamutafutia yenye baridi kidogo."

Mchana mmoja walitembezwa katika kanisa kuu la mawe, wakateremka hadi chumba cha makaburi ya maaskofu. Zéphyrin alibaki nyuma ili awashe mshumaa. Taa zikazimika. Gizani alisikia jani likikunjwa polepole, kisha kamba ikivutwa. Kimya. Ikavutwa tena.

"Ni nani iko pale?" aliuliza.

Taa ziliporudi, alikuwa peke yake. Juu ya kaburi moja palikuwa na kifurushi cha jani la mgomba.

"Mafundo mangapi?" nilimuuliza aliporudi na kunisimulia.

Safari hii hakucheka.

"Mbili, kaka. Niliigusa. Ilikuwa bado moto."