Mstari wa Pili

Kisanduku cha sauti cha kwanza Su-chin alikitilia shaka siku ileile alipokifungua. Alichomeka maikrofoni moja tu, kwenye tundu la kwanza. Tundu la pili lilikuwa tupu kabisa. Lakini kwenye kompyuta ilicheza mistari miwili. Wa kwanza ulikuwa wake, ukipanda na kushuka na sauti yake. Wa pili ulikuwa mwembamba, na ulicheza pale tu yeye aliponyamaza.

Akachomoa waya, akachomeka tena. Akapuliza lile tundu tupu kama mtu anayepuliza jivu. Mstari wa pili ukalala, naye akasonya, akasema ndiyo mambo ya vitu vya bei poa.

Kazi ya Su-chin ilikuwa kulia. Usicheke. Hapa mjini Huwei hiyo ni kazi kama kushona nguo. Familia ikifiwa na mabinti wako mbali, au wako karibu ila hawana machozi, anaitwa Su-chin. Anavaa gunia jeupe, anatambaa kwa magoti toka barabarani hadi kwenye jeneza, maikrofoni mkononi, akilia kwa niaba yao: mama, binti yako amerudi, mbona humfungulii mlango? Nimewaona kwa macho yangu madereva wa gari la maiti wakipangusa machozi, na wale hawalii hovyo.

Miaka ishirini na miwili ya kutambaa ilikuwa imemla magoti. Basi bwana mmoja wa kampuni ya mazishi, Kuo, alipomwambia kwamba siku hizi watu wanataka kilio cha kuchezwa kwenye spika, jina la marehemu likiwa ndani yake, Su-chin aliona mlango umefunguka. Angerekodi sebuleni kwake, magoti yapumzike, na mama yake asibaki peke yake. Kilichokosekana ni kisanduku cha sauti, kile kinachounganisha maikrofoni na kompyuta.

Mama yake alikuwa na miaka sabini na minane, amelala chumba cha nyuma mwaka wa pili sasa, upande mmoja wa mwili umekufa. Ulimi ndio uliobaki mzima, tena ulikuwa umenolewa.

“Unalia kama bata aliyebanwa na mlango,” alimwambia bintiye siku ya kwanza ya kurekodi. “Nikifa mimi, kodi mtu mwingine.”

Su-chin alicheka. Hizo ndizo zilizokuwa salamu zao. Mama huyu hakuwahi kumwambia mtu ahsante tangu azaliwe, na hao wawili walikuwa hawana mtu mwingine duniani.

Visanduku alivipata kwa mzee Hung wa mji wa Douliu, fundi aliyefunga spika za maigizo ya hekaluni tangu ujana wake. Alimpa vitatu avijaribu kwa wiki moja: chekundu kidogo, cheusi, na cha kijivu, kizito kama tofali. Alimwonya asichague kwa taa wala kwa rangi. Arekodi chumba kitupu, atoke kabisa, kisha arudi avae hedfoni asikilize. Kisanduku kibovu kitamletea mvumo wake chenyewe. Kizuri kitamletea kile kilichomo chumbani, hata kiwe kidogo namna gani.

Kabla ya majaribio hayo, Su-chin alikuwa amekwisha kumtumia Kuo kionjo alichorekodi kwa kile chekundu. Na hapo ndipo alipokosea, ingawa wakati huo alijiona ameifanya kazi kama kawaida.

Kilio kamili kina sehemu tatu. Kuna kumwita marehemu, kuna kumhadithia uchungu, na kuna kumsindikiza: nenda mama, njia ni nyeupe, usigeuke nyuma. Kuo alitaka nusu dakika tu, pale panapouma zaidi. Su-chin akarekodi kuita, akaishia hapo. Ikatakiwa jina. Sasa ukoo wa Liao wa huku kwetu una jambo lake. Aliye hai ni Liao, akifa anakuwa Chang. Ni ahadi ya babu wa babu, na ukienda makaburini hutamkuta Liao hata mmoja. Kwa hiyo Su-chin, ambaye ni Liao, aliyelia kwa watu wa Liao maisha yake yote, akafungua kinywa akaita kama alivyozoea: Mama Chang, rudi nyumbani, binti yako anakungoja. Akaita hivyo mara saba, ili achague iliyo nzuri, sebuleni kwake, hatua kumi kutoka kitanda cha mama yake.

Mwalimu wake wa kulia, marehemu sasa, alimkataza kulia kilio cha kazi ndani ya nyumba anamolala. Su-chin alijiambia kwamba kurekodi si kulia.

Basi akaanza kupima visanduku. Alikiacha chekundu kinarekodi, akafunga mlango, akaenda sokoni kununua tofu. Aliporudi akavaa hedfoni. Mstari wa kwanza ulikuwa na mvumo, kama mzee alivyosema. Wa pili, wa lile tundu tupu, ulikuwa na pumzi. Pumzi za mtu aliyetembea mwendo mrefu, sasa amekaa.

Akakishutumu kisanduku. Kesho yake akachukua cheusi, akafanya vilevile, na pumzi zikaja karibu zaidi, na kati ya pumzi na pumzi kulisikika mtu akimeza mate. Hapo akaanza kumshuku mzee Hung. Ulikuwa msimu wa kusaga miwa, na mji mzima ulinuka sukari ya kuungua kutoka kiwandani, mpaka nguo kwenye kamba. Lakini sebuleni kwake harufu ile ilikuwa imekatika. Palinuka udi, na maji ya maua yaliyokaa siku nyingi kwenye chombo. Akampigia mzee simu, akamuuliza taratibu, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikika chumba cha pili, kama vitu hivi vilitoka nyumba iliyofiwa.

Mzee Hung aliapa kwamba viwili vilitoka kwenye boksi, vipya.

“Dada, jaribu kile cha kijivu,” alisema. “Kile hakiongezi wala hakipunguzi.”

Alikijaribu siku ya tatu, saa nane mchana, jua linawaka, majirani wamelala usingizi wa baada ya chakula. Alikaa nje kwenye ngazi robo saa nzima akiutazama mlango wake mwenyewe, na hakuna aliyeingia. Kisha akarudi akavaa hedfoni. Mvumo haukuwapo kabisa. Kwenye mstari wa pili kulikuwa na nyayo za viatu vya kitambaa, viatu wanavyovishwa maiti, zikitoka pale alipozoea kukaa yeye akirekodi, zikivuka sebule polepole, zikisimama mbele ya chumba cha mama yake. Kisha sauti ya bibi mzee, ya unyenyekevu, kama ya mgeni anayeuliza njia.

“Ndipo hapa nilipoitwa?”

Na sauti ya mama yake, yenye usingizi na hasira: “Wewe nani?”

Baada ya hapo hakukuwa na kitu. Su-chin alikimbilia chumba cha nyuma. Mama alikuwa amelala chali, shuka limenyooshwa vizuri, mikono yote miwili, hata ule uliokufa, juu ya kifua. Akageuza uso, akatabasamu.

“Ahsante, mwanangu,” alisema. “Umechoka.”

 Su-chin alitamani atukanwe.

Siku mbili zilizofuata hakurekodi chochote. Alimwangalia mama yake kwa jicho la pembeni, kama muuza duka anavyomwangalia mteja aliyeingia na koti kubwa. Alimpelekea wali na samaki, na bakuli likarudi limejaa vilevile, lakini mama akasema ameshiba sana. Su-chin akaonja yale mabaki akiwa jikoni. Wali haukuwa na ladha. Samaki aliyemtia chumvi kwa mkono wake mwenyewe alikuwa hana chumvi wala usamaki, ni kama kutafuna karatasi, na kila mtu wa huku anajua chakula kinakuwa hivyo lini: kinapokaa mbele ya mizimu hadi udi ukaisha, wao wakala utamu, wakatuachia makapi.

Mchana wa siku ya pili akasimama jikoni, mgongo ukutani, asionekane kutoka kitandani. Akaita kwa sauti ya kawaida kwamba Mama Liao, uji uko tayari. Kimya. Akaita tena, Mama Liao. Kimya. Akaita kwa sauti ya chini, chini kuliko ile ya kwanza.

“Mama Chang.”

“Naam, mwanangu,” akaitikiwa hapohapo.

Su-chin alitoka na kandambili, moja ya bluu na moja ya njano, hadi uchochoro wa nyuma ya soko kwa bibi Kuan. Huyu ni mtuliza roho. Watoto wanaoshtuka usingizini, wagonjwa waliopotewa na nafsi, yeye huwaita warudi kwa kikombe cha mchele kilichofungwa ndani ya nguo ya mgonjwa. Bibi Kuan alimsikiliza bila kumkatiza, akaja naye, akafika kizingitini akasimama. Alikaa pale muda mrefu, pua juu.

“Wako wawili,” alinong’ona. “Kitanda kimoja.”

Alimwambia Su-chin kwamba huyo si mwizi. Ni mama wa watu, Chang wa siku nyingi, asiye na binti wa kumlilia. Alisikia binti analia anamwita nyumbani, naye akaja, nani asingekuja? Ameitwa na hajasindikizwa. Sasa Su-chin amlilie mpaka mwisho, kwa maikrofoni ileile aliyomwitia, amtoe.

“Na mama yangu?” Su-chin aliuliza. “Nikisema Mama Chang nenda, na yeye je? Akifa naye ni Chang.”

“Wewe utamsukuma kwa jina la wafu. Mimi nitamshika wako kwa jina la wazima. Nitamwita mara tatu. Akiitikia, amebaki.”

“Asipoitikia?”

Bibi Kuan aliomba apewe blauzi ya mama.

Su-chin akavaa gunia lake jeupe ndani ya nyumba yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akawasha kisanduku cha kijivu, akapiga magoti yake mabovu mbele ya kitanda na kuanza, na alipoanza hakukumbuka tena kwamba ni kazi, maana mbele yake alilala mama aliyemlea peke yake kwa kufunga mafurushi ya miwa, na ndani ya macho ya mama yule kulikuwa na mtu anayemtazama kwa upendo wote wa ulimwengu, akimwomba bila maneno asimfukuze, naye akalia nenda Mama Chang, njia ni nyeupe, usigeuke nyuma, viatu vyako vipya, usigeuke, huku bibi Kuan juu ya kichwa cha mama akizungusha kile kikombe cha mchele na kuita Mama Liao upo, na hakuna jibu, na harufu ya udi ikawa nzito hadi koo likawasha, akaita tena Mama Liao upo, na hakuna jibu, na Su-chin akataka kunyamaza lakini kilio cha kusindikiza hakikatizwi katikati, akaendelea kusukuma kwa sauti yake yote, nenda, nenda, na bibi Kuan akaita mara ya tatu.

“Nipo,” alisema mama kitandani.

Su-chin alianguka kifudifudi. Dirishani ikaingia harufu ya sukari ya kuungua. Mama akaomba uji, akaumaliza, na ule kidogo uliobaki ukutani mwa bakuli Su-chin aliulamba kwa kidole akakuta chumvi yake imo. Akalia tena, bure safari hii. Bibi Kuan alimkataza jambo moja tu, asije akajaribu tena kuliita lile jina la pili, la wafu.

Siku tatu mama alikula na kulala. Hakutukana. Su-chin alijiambia ugonjwa umemlainisha, akajiambia hivyo mara nyingi kwa siku. Siku ya nne Kuo akapiga simu. Kile kionjo kimependwa, sasa wanataka kilio kizima, na kuita na kusindikiza. Su-chin akakumbuka kwamba cha kusindikiza anacho. Alikirekodi kwa kisanduku cha kijivu, na kisanduku hicho alikuwa ameamua kukichukua. Kazi ilikuwa kuifuta sauti ya bibi Kuan tu.

Akavaa hedfoni. Akajisikia analia, akamsikia bibi Kuan anaita, akasikia lile “nipo” safi kabisa. Mstari wa pili nao ulikuwa unacheza. Alitaka kuufuta bila kuusikiliza. Badala yake akaunyamazisha wa kwanza.

Bibi Kuan aliita mara ya kwanza, kwa mbali sana, na kwenye ule mstari wa tundu tupu mtu akajibu hapohapo kwa ukali. “Nipo! Huna macho?”

Ilikuwa sauti ya mama yake, ile iliyonolewa.

Mara ya pili sauti ilikuwa imerudi nyuma, kama imefika sebuleni. “Nimesema nipo. Huyo aliyelala mahali pangu ni nani?”

Mara ya tatu ilitokea barabarani, na ndani yake hakukuwa na hasira tena. “Su-chin. We mpumbavu, ni mimi. Mbona unanisukuma mimi?”

Kisha mguu mmoja unatembea na mmoja unaburuzwa, unaburuzwa, mpaka kikabaki kimya kitupu, na kisanduku cha kijivu hakikukiongezea chochote.

Su-chin alikaa na hedfoni masikioni. Alimsikia hata hivyo, kutoka chumba cha nyuma, sauti ya upole inayomwita kwa jina. Ikamwita mara ya pili, ikamuuliza kama anaumwa, mbona amenyamaza. Alitazama mlango wa barabarani, alikokwenda yule mwingine, siku nne sasa, kwa mguu mmoja. Kisha ikamwita mara ya tatu, kwa hofu kidogo, hofu ya mama ambaye mwanawe haitiki.

“Naam, mama,” alisema Su-chin.