Sanamu Tuliyoifukia kwa Shangazi Verona

Shangazi yangu Verona Hudak alitaka jambo moja tu: auze nyumba aondoke. Jumamosi aliyoniambia hivyo jua lilikuwa zuri, tumeshiba viazi na kabichi, jirani anakata nyasi zake.

Mtaa wake ulijengwa pale kilipokuwa kiwanda cha vipimajoto. Mumewe, Ondrej, alishika zebaki humo miaka ishirini na miwili mpaka mikono ikakataa kutulia. Akikoroga kahawa, kijiko kiligonga kikombe, ti-ti-ti. Alikufa akitetemeka vivyo hivyo. Kiwanda kikafungwa, ikaja sheria: atakayesafisha ardhi na kuijenga hashitakiwi kwa yaliyopita. Kusafisha gani huko! Wajenzi walitandika kitambaa cha rangi ya chungwa juu ya udongo wenye sumu, kiwe alama ya mpaka, wakamwaga futi mbili za udongo mpya, wakapewa cheti chao. Wajane wa kiwanda wakatangulizwa kuuziwa nyumba, eti ni heshima. Na karatasi ya masharti juu: marufuku kuchimba.

Kila saa tisa alasiri, saa ya kubadilishana zamu, shangazi alisikia kijiko chini ya sakafu.

"Ni Ondrej, mwanangu," alininong'oneza. "Ananiita nishuke."

Nilimcheka. Mungu anisamehe.

Miezi ikapita, nyumba hainunuliwi. Basi tukafanya wanavyofanya Wakatoliki wa kwetu nyumba ikikwama: unafukia sanamu ndogo ya Mtakatifu Yosefu uani, kichwa chini, mpaka mnunuzi aje. Shangazi alitaka aende chini kabisa, ili afanye kazi kweli. Nikachimba mimi. Koleo likapasua kitu laini, nikaona rangi ya chungwa. Nikamfukia haraka, nikarudisha nyasi, nikanyamaza.

Wiki ya tatu mnunuzi akapatikana. Akaja na mkaguzi wa ardhi, maana sheria inataka hivyo. Ilikuwa saa tisa. Shangazi akafungua mlango.

Yosefu alikuwa amesimama kizingitini.

Amefungwa kipande cha kitambaa cha chungwa, kama mtoto mchanga. Matone ya zebaki yakimtoka miguuni. Nikakimbilia uani. Nyasi zilikuwa zimeshikana, hazijaguswa.

Mkaguzi aliinama akakikagua kitambaa.

"Mama, nani amechimba hapa?"

Shangazi akaniangalia. Alijua.

"Mimi," akasema.

Wenye kiwanda walisamehewa. Waliojenga walisamehewa. Lakini anayetoboa kile kitambaa kinachofunika sumu, mzigo wote ni wake, na nyumba haiuzwi. Mnunuzi aliondoka bila hata kuaga. Nami niliyeshika koleo nikamwacha shangazi aubebe mzigo huo.

Majira ya baridi mikono ya shangazi ikaanza kutetemeka. Alizikwa kabla theluji haijayeyuka.

Sanamu ninayo mimi, kabatini, nyumbani kwangu, mji wa pili kutoka pale. Saa tisa ikifika, mkono wake wa plasta hugonga kikombe kilicho karibu. Ti-ti-ti. Nilidhani ni magari ya barabarani. Jana niliviondoa vikombe vyote.

Leo nasikia vijiko viwili vikigonga vikombe, kwa pamoja, chini ya sakafu yangu.